Kinyozi Hajinyoi, Hata Awe Mtaalamu wa Kompyuta

Tarehe 10 Machi, 2019, ndege ya shirika la Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka dakika sita tu baada ya kupaa kutoka Addis Ababa. Watu wote 157 waliokuwemo waliangamia, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Chini ya miezi mitano kabla ya hapo, ndege nyingine ya aina iyo hiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa imetumbukia baharini nchini Indonesia na kuua watu 189.

Ndege hizo hazikuvunjika mabawa wala kuishiwa na mafuta. Programu ya kompyuta iitwayo MCAS, ikitegemea kipimo cha kifaa kimoja kilichokosea, ilizidi kuisukuma pua ya ndege chini huku marubani wakipigania kuiinua.

Je, ni nani aliyeikagua? Jibu linasikitisha. Halmashauri ya usafiri wa ndege ya Marekani, FAA, ilikuwa imekabidhi sehemu kubwa ya ukaguzi kwa wafanyakazi wa Boeing yenyewe. Yaani, mtahiniwa alipewa karatasi yake aisahihishe! Mwishoni mwa 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukaza usimamizi huo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Wapo wanaoshikilia kwamba waundaji wa programu waachwe wajisimamie, kwani sheria huua ubunifu. Hoja hii haikosi uzito. Mswada wa 2016 humu nchini, uliotaka wataalamu wa teknolojia ya habari wasajiliwe na kupewa leseni, ulipingwa vikali, na kwa haki: kijana mwenye kompyuta moja na wazo jema hafai kuzuiwa mlangoni. Aidha, hakuna mkaguzi awezaye kuona kila kitu. Pasipo uadilifu wa mwundaji, sheria ni karatasi tu.

Hata hivyo, uadilifu pekee hautoshi. Tuliona programu za mikopo ya simu zilivyojiendea. Baadhi ziliwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Ilibidi sheria itungwe mwaka 2021 ndipo zikawekwa chini ya leseni ya Benki Kuu ya Kenya.

Kwa maoni yangu, sheria iangalie kazi, si mtu. Programu iliyoshika roho au riziki za watu ikaguliwe na asiyelipwa na mwenye programu. Nyinginezo ziachwe huru.

Nanyi walimu wa kompyuta, msiwafunze vijana kuandika programu tu. Wafunzeni kumkabidhi mwenzao aitafute kasoro, na kumshukuru anapoipata. Mwanafunzi aliyezoea hivyo leo hatamwona mkaguzi kuwa adui kesho.