Kisiki, Mbegu na Swali la Ayubu

UKIWA na shangazi au ndugu huko Naitiri, jaribu kumtembelea mwezi wa Februari. Najua wengi wetu wa mjini hupenda kwenda mashambani Desemba, wakati ghala limejaa na kuku hawajaisha bomani. Februari ni habari nyingine. Mashamba ya Tongaren, ambayo kabla ya Uhuru yalikuwa ya walowezi Wazungu kisha yakagawiwa wananchi, huwa na mabua makavu tu yaliyokwisha kutafunwa na ng'ombe. Vumbi huingia hadi kwenye meno. Hata Mlima Elgon hufichwa na utusitusi.

Katika ukavu huo, tazama kando ya boma. Hukosi kuona kisiki cha mkaratusi uliokatwa ili mtoto alipiwe karo. Miezi michache baada ya shoka, kisiki hicho hutoa machipukizi, tena mengi kiasi kwamba mwenyewe hulazimika kuyapunguza na kuacha mawili au matatu yawe miti tena.

Wahubiri wetu wanaupenda sana mfano huu, nao wameutoa katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 14. Ayubu aliona kwamba mti uliokatwa bado una tumaini, kwani harufu ya maji tu hutosha kuuamsha. Vyema. Lakini hebu endelea kusoma mistari inayofuata. Hapo Ayubu analalamika kwamba binadamu si kama mti. Akifa amelala, na wala haonekani tena. Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia kabla ya kufika hapo, nami sioni kuwa ni haki. Mama aliyemzika mwanawe hafai kuambiwa kwamba mtoto atachipuka kama mkaratusi. Amengoja na hajaona kitu. Ayubu mwenyewe alizika watoto kumi, na Mungu hakumnyamazisha alipouliza.

Kwa hiyo kisiki na tuwaachie wale kinaowafaa. Wewe uliyepunguzwa kazi Industrial Area, au wewe mwanafunzi ambaye matokeo yako ya mtihani hayakupendeza, shina ndilo lililokatwa na mzizi ungali ardhini. Lakini aliye na msiba hana budi kutoka kwenye kisiki na kuingia shambani.

Mtume Paulo, alipowajibu Wakorintho waliouliza wafu hufufuliwaje, hakutaja kisiki hata kidogo. Alitaja mbegu. Kisiki hurudi kuwa mti uleule uliokatwa. Punje ya mahindi hutoa kitu ambacho, ukiitazama hiyo punje kiganjani, huwezi kukikisia: jani pana, mbelewele, gunzi lenye punje mamia. Mwalimu wa sayansi atainua mkono aseme mbegu haifi, kwa kuwa ndani yake mna kiini kilicho hai na kilichobaki ni akiba ya chakula chake. Ni kweli, na mfano hauharibiki. Ng'oa mche wa wiki chache uone. Akiba yote imeliwa, limebaki ganda.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa mjini hatulijui. Wakulima wa huko hupanda mbegu chotara. Miongoni mwa za kwanza nchini ilikuwa H611, iliyotolewa mwaka wa 1964 baada ya watafiti wa Kitale kuchanganya mahindi ya kwao na ya kutoka Ecuador. Ukivuna chotara kisha upande mavuno hayo mwaka unaofuata, shamba halitakuwa na nguvu ile. Basi kila Machi mkulima hununua upya, kilo 10 hivi kwa ekari, na mbolea juu yake.

Fikiria mjane mwenye ekari moja. Ameuza kondoo ili apate mbegu. Mbegu zenyewe zimetiwa dawa, hata watoto wakilia njaa hawezi kuzipika. Anazifukia, na mavuno ni Oktoba au Novemba. Zaburi ya 126 inawataja watu wanaopanda huku wakilia, na wasomi mjini hushangaa kwa nini mtu alie akipanda. Naitiri hakuna anayeuliza swali hilo.

Siku kumi hivi baada ya mvua, mama huyu hupita mstari kwa mstari. Pengine mvua ilikatika na mbegu nyingine zikaoza, pengine ndege wamefukua. Zile ambazo bado ziko kimya hazifukui kuzikagua. Kwenye pengo huinama, akachimba kwa ncha ya panga na kutia punje aliyokuwa ameibakiza mfukoni kwa kazi hiyo.

Paulo anamwita Kristo aliyefufuka limbuko lao waliolala. Neno hilo mkulima hulielewa kuliko mimi na wewe. Limbuko ni yale mahindi mabichi ya kwanza, ya Agosti hivi, ambayo huonyesha kwamba shamba halikudanganya. Machache huchomwa jioni jikoni. Mengine hupelekwa kanisani Jumapili, yangali na maganda yake, na Jumatatu mama huyohuyo anarudi dukani kununua mahindi kwa gorogoro.