MVUA NA MIFEREJI YETU

Asubuhi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hujaa jua na sauti za wachuuzi. Mara wingu latanda, maturubai yavutwa, na wageni kwa wenyeji wabanana chini ya baraza moja. Hapo hakuna tajiri wala maskini. Sote twangoja mvua ipite.

Lakini mvua ikipita, maji hayapiti. Yasimama mitaani na kule bondeni Jangwani, maana mifereji imezibwa na taka. Nani aliyezitupa? Tusiwasingizie wakoloni, bendera yao ilishuka 1961. Ni sisi wenyewe. Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliua watu, na wengi waliookoka walihamishiwa Mabwepande.

Twawaomba wakuu wa Jiji wazibue mifereji kabla ya masika ya Machi, si baada yake. Nanyi ndugu wananchi, kila mwenye duka na afagie mbele ya mlango wake. Ni aibu watu waliojitawala kutawaliwa na maji machafu. Haba na haba hujaza kibaba. Taka nazo, kidogo kidogo, huziba mfereji.