A ya Kemia na Bado Ukakosa Famasia

Wasee, kila matokeo ya KCSE yakitoka kuna mtu mtaani hulia chini chini. Mwaka huo alikuwa binamu yangu. A ya Kemia, A ya Biolojia. Nyumbani tulishaanza kumwita "Daktari wa Dawa." Majibu ya KUCCPS yakaja: hajapata famasia. Jirani yetu, aliyekuwa nyuma yake kwa Kemia na Biolojia, akapata.

Watu wakaanza kunong'ona eti kuna mkono wa mtu. Manze, hapana. Ni hesabu tu. Wacha niwaonyeshe.

A moja ni pointi 12. Kwa famasia wanaangalia masomo manne: Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na la nne lugha, tuseme Kiingereza. Ukipata A zote, hiyo ni 48. Halafu wanaleta jumla ya masomo yako saba, ambayo mwisho wake ni 84. Sasa 46 juu ya 48, mara 72 juu ya 84, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 48. Hiyo ilikuwa ya binamu: kama 43.5. Jirani alikuwa na 44 kwa yale manne, lakini 79 kwa saba. Piga hesabu hiyo hiyo: 44.6. Kwisha!

Kilichomwangusha binamu ni B- ya Kiswahili na B- ya CRE.

Sisemi jirani hafai. Na lugha ni muhimu: mfamasia asiyejua kuongea atamwelezaje shosho kwamba hii ni kabla ya kula na ile ni baada ya kula? Shida yangu ni uzito. Kemia inabeba sawa na Kiingereza, halafu CRE inakuja kupindua meza. Hapo hujapima nani atakuwa mfamasia mzuri. Umepima nani anajua kila kitu kidogo kidogo. Mimi naona kwa famasia, Kemia ihesabiwe mara mbili.

Najua mtaniambia: na shule zisizo na maabara? Ni kweli. Kemia ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo. Kuna watoto wanapanga foleni kushika bureti moja. Lakini shule hiyo hiyo isiyo na bureti, unadhani ina walimu wa kutosha wa masomo yote saba? Fomula ya sasa haiwahurumii pia. Inawaumiza kimyakimya.

KCSE ya mwisho ni 2027. Wale wa CBC watakuja na mfumo mwingine wa alama, kwa hivyo fomula itabidi iandikwe upya. Huu ndio wakati wa kuuliza maswali, si siku ya kulia mbele ya simu.

Na wewe ambaye bado uko 8-4-4 na unaota koti jeupe: usidharau CRE. Si haki, lakini ndiyo hesabu iliyopo.

Binamu anasoma kozi nyingine sasa. Vitabu vyake vya Kemia bado viko chini ya kitanda, amekataa vipewe mtu.

Ungekuwa wewe, Kemia ungeipa uzito gani?