Samaki Ana Jicho la Tatu, Sisi Je?

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Mpenzi msomaji, methali hii inatuhusu hasa sisi wanafunzi wa pwani katika somo la bayolojia. Tunakariri michoro ya vitabuni, ilhali vichwa vya samaki vinatupwa kila siku Malindi na Kilifi.

Hebu chukua kichwa cha jodari. Utosini, kati ya macho, pana mahali ambapo mwanga hupenya. Chini yake, juu ya ubongo, kuna kiungo kidogo kiitwacho pineali. Kikikatwa vipande vyembamba mno na kutazamwa kwa hadubini, huonekana seli za aina tatu: za kupokea mwanga, za kuzishikilia hizo, na za neva zinazopeleka habari kwenye ubongo. Zile za mwanga zina ncha yenye matabaka yaliyopangwa kama chapati kwenye sahani, sawa na seli za ndani ya jicho! Usiku kiungo hiki hutoa homoni ya melatonini, na hivyo mwili wa samaki hutambua usiku na mchana. Binadamu pia anayo pineali, lakini yake haipokei mwanga. Hungoja habari kutoka machoni.

Wako watakaosema, "Ah, hayo ni mambo ya Wazungu." Sikubali kamwe! Mwaka 2001 samaki wa kale aitwaye silakanthi alinaswa na meli ya uvuvi papa hapa Malindi. Pineali ya samaki wa aina yake ilikuwa imekwisha chunguzwa kwa hadubini ya elektroni, na matokeo yakachapishwa mwaka 1977. Samaki ni wa bahari yetu, jamani, mbona sisi hatuna habari?

Wavuvi wetu nao wana elimu ya mwanga. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi.

Kwa maoni yangu, mambo mawili yafanywe. Kwanza, walimu waturuhusu tulete vichwa vya samaki maabarani. Ni kweli seli zenyewe zinahitaji vifaa ambavyo hatuna, lakini lile dirisha la utosini laonekana kwa macho tu, na ubongo hufikiwa kwa kisu. Pili, chama chetu cha Kiswahili kiwaendee wavuvi, kikusanye majina ya viungo vya samaki kabla hayajasahaulika.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tuanze kwa kuuliza ufuoni.