Mkandaa si Mkoko

Washairi wa pwani wana kasoro iliyokwisha kuwa mazoea. Kila mti uotao katika maji ya chumvi wao huuita mkoko na kupita. Mchu ni mkoko, mlilana ni mkoko, na mkandaa nao ni mkoko. Mtu akiwaita papa, nguru na changu wote “samaki”, kisha akadai kuwa anaijua bahari, wavuvi humcheka. Kosa hilo hilo likitendwa kwa miti, husifiwa kuwa ni mapenzi ya mazingira.

Mkandaa, ambao wataalamu wa mimea huuita Ceriops tagal, ni mti wa rangi. Magome yake yakipondwa na kuchemshwa hutoa maji ya hudhurungi yenye wekundu, na ukindu uliotiwa humo hutoka na rangi nzito, tulivu, isiyopiga kelele mkekani. Kinachofanya kazi ni tanini, ile ile itiayo ukakasi mdomoni mtu aumapo ndizi mbichi. Ikikutana na chuma chenye kutu, rangi hugeuka kuelekea weusi. Kabla ya kuja nailoni, nyavu za pamba nazo zilitiwa rangi ya magome ili zisioze upesi.

Husemwa kuwa haya ni mabishano ya maneno, na kwamba mti hauna haja na jina lake. Unayo, tena kubwa. Watu wakiambiwa “wapande mikoko”, kinachochomekwa topeni mara nyingi ni mkoko wenyewe, Rhizophora, kwa kuwa mche wake ni mrefu na mwepesi kuokota na kuchomeka. Mkandaa hupenda upande wa nchi kavu, ambako maji hufika zaidi wakati wa bamvu. Basi ufuo utahesabiwa kuwa umerudi kijani, na chungu cha msusi kibaki kitupu.

Wapo pia wasemao kuwa rangi ya magome ni ya kimaskini, kwamba ya paketi hung'aa zaidi. Hung'aa, ndiyo. Lakini kisiwani Java mti huu huu huitwa tingi, na magome yake ni miongoni mwa vitu vifanyavyo soga, ile hudhurungi ya batiki. Batiki ya Indonesia iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009. Hakuna aliyewaambia wafumaji rangi wa Java kuwa gome lao ni la kimaskini.

Hoja yenye uzito ni moja tu: mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Ni kweli, na mwenye kuchuna hivyo ni mwizi wa wajukuu zake. Lakini mkandaa hukatwa kwa boriti tangu kale. Pale ukataji unaporuhusiwa, gome la boriti iliyokwisha kulala chini halina mti wa kuua tena. Mahali pake ni chunguni, kabla fundi hajaipandisha boriti hiyo darini.