Waandishi Watoro na Daftari la Duka

Ndugu msomaji, na wewe mwandishi mwenzangu unayeficha muswada chini ya godoro, kuna maneno mawili yamezoeleka siku hizi mpaka yamekuwa kama sala. La kwanza linatoka kwenye semina za ujasiriamali: biashara ni biashara, undugu ni undugu. La pili tunalisema wenyewe, sisi vijana tunaojiita waandishi: mikoani hakuna cha kuandika, hadithi zote ziko Dar. Mimi nasema maneno yote mawili ni uongo, tena uongo wa baba mmoja mama mmoja. Yametungwa na watu ambao hawajawahi kufungua daftari la duka wakalisoma.

Nachukua mfano wa Kyela kwa sababu ndiko ninakoishi. Kyela ni tambarare iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Nyuma yake kuna milima ya Rungwe, ubavuni Milima ya Livingstone, na ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Mvua yake si ya kubembeleza, inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Watu wanalima mpunga na kakao, wanavua usipa, wanaendesha baiskeli kama waliozaliwa nazo. Ukifika Lyulilo, karibu na Matema, siku ya Jumamosi, utawakuta akina mama wa Kikisi na vyungu vyao walivyofinyanga kwa mkono, vimeletwa kwa mitumbwi. Sasa niambie, kwa watu wa kazi hizo, fedha inaingia lini mfukoni?

Inaingia kwa msimu. Mkulima wa mpunga anashika noti akishavuna. Lakini chumvi haina msimu, sabuni haina msimu, na mtoto akishikwa na homa usiku hasubiri mpunga uive. Katikati ya kupanda na kuvuna kuna miezi ambayo mtu ana shamba zuri na hana hata mia. Nani anamvusha? Benki inataka hati. Anayemvusha ni mwenye duka la mtaani, yule mwenye kaunta ya mbao na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibwe. Anavuta daftari, anaandika: mama wa mwembeni, sukari robo, sabuni kipande, mzee wa baiskeli mbovu, mafuta ya kupima, kiberiti. Hana haja ya majina matatu kama mahakamani. Anawajua.

Daftari hilo ndilo benki yetu. Mwingine atalilipa kwa fedha, mwingine kwa debe la mpunga, mwingine kwa usipa, na mwingine atakuja na jembe amlimie mwenye duka nusu siku, wafutiane. Dhamana ni kufahamiana tu.

Halafu anakuja mtaalamu na chati zake. Anawekewa maji ya chupa mezani, anatuambia kosa kubwa la mfanyabiashara mdogo ni kukopesha ndugu. Jamani! Mtaani kwetu ukimtoa ndugu, mkwe, jirani, mtu wa kanisa lako na yule mliyesoma naye, anabaki nani wa kumuuzia? Anabaki mtaalamu mwenyewe, naye jioni anarudi Mbeya.

Na kichekesho chenyewe hiki hapa. Halmashauri zetu, kwa sheria, zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Ukienda kuiomba, wewe kijana, unaambiwa nini? Leteni kikundi. Mjuane, muaminiane, mmoja akikwama wenzake wambebe. Huo ni undugu ulioandikwa kwa lugha ya ofisi! Asubuhi semina inatuambia tuutupe, mchana fomu ya mkopo inatudai tuulete uwe dhamana. Washike moja.

Si mara ya kwanza tunafundishwa kuuza chumvi. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, duka liwe la ushirika, la wote. Duka la wote likakosa bidhaa, na wazee wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka iliyofuata bado wapo, waulizeni. Baadaye, katikati ya miaka ya 1980, milango ya biashara ikafunguliwa, kila mtu ruksa, na sasa somo limegeuka: duka ni la mtu mmoja, afunge moyo, ahesabu faida. Jana duka la wote, leo duka la peke yangu. Waliotunga somo la kwanza na waliotunga la pili hawakuuliza daftari linasemaje. Daftari linasema duka ni la mtu mmoja anayeishi na wote. Hapo katikati ndipo penye kazi.

Najua kuna atakayenibishia: mbona maduka mengi yanakufa kwa madeni? Ni kweli yanakufa, na mimi sitaki kuuremba umaskini wetu. Wanyakyusa wana neno ukwangala, raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza, kula pamoja. Ni neno tamu, lakini lina gharama zake. Mwenye duka asiyekopesha anaitwa mchoyo. Asiyefunga duka kwenda msibani, siku ya kwake atajizika mwenyewe. Akistawi haraka, minong'ono inaanza. Kwa hiyo ukwangala unamletea wateja na papo hapo unamtoza ushuru.

Lakini hebu tufungue daftari tuone ni nani hasa anaua duka. Katika madaftari niliyowahi kuonyeshwa, mama wa mwembeni amekatwa mstari mwekundu: kalipa baada ya mavuno, kama alivyosema. Anayebaki bila kukatwa, ukurasa hadi ukurasa, ni bwana mwenye mshahara wa kila mwezi. Huyo anachukua soda za wageni wake, anaagiza mchele kwa simu, na mwenye duka anaona haya kumdai mtu mkubwa. Na huyo huyo ndiye utakayemkuta semina amekaa mstari wa mbele, anatikisa kichwa kukubali kwamba maskini hawana nidhamu ya fedha! Duka linauawa na heshima kubwa tunayompa mtu asiyestahili.

Sasa nageuka kwetu, waandishi. Haya niliyoyasema, nani kayaandika? Godfrey na Monica Wilson walikaa huku Unyakyusa katika miaka ya 1930 kufanya utafiti. Mwaka 1951 Monica, mama kutoka Afrika Kusini, akatoa kitabu kwa Kiingereza, Good Company, kuhusu vijiji vya rika, jinsi vijana wa umri mmoja walivyojenga kijiji chao wakaishi pamoja. Ukwangala umo. Imo na ile aliyoieleza kama pumzi ya watu, manung'uniko ya majirani yanayoaminiwa kumletea ugonjwa aliyewakosea. Mgeni aliuona mzizi wa mambo yetu karibu miaka mia iliyopita, akaondoka nao. Sisi tuliomaliza sekondari, tunaoisikia minong'ono hiyo kwa lugha ya mama zetu, tunaandika nini? Tunaandika mrembo kashuka kwenye gari jeusi Kinondoni, kavaa miwani. Kinondoni kwenyewe mwandishi alipita mara moja, kwa basi.

Msiniambie kazi na biashara ndogo hazizai riwaya. Adam Shafi aliwachukua makuli wa bandari ya Unguja akatupa Kuli, mwaka 1979. Emmanuel Mbogo alimchukua mama ntilie wa Dar es Salaam na wanawe, tukapata Watoto wa Mama N'tilie, mwaka 2002. Na Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 hakuona haya kwamba alizaliwa Ukerewe, kisiwani, mbali na taa za mjini. Ziwa lake limeingia kwenye vitabu. Ziwa letu sisi linasubiri nani?

Tazameni mchele wetu mlipate somo. Nenda soko lolote Dar, utaambiwa huu ni wa Kyela, unanukia. Wauzaji wenyewe wanajua kwamba si kila mchele unaoitwa Kyela umeiona Kyela. Jina linauzwa kwa bei nzuri, mwenye jina hajulikani hata sura. Usipojieleza mwenyewe, wengine watakujazia gunia kwa mchele wanaoutaka, na juu wataandika jina lako.

Mifano haijaisha. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza mchele, ndizi, mahindi, tangawizi na unga. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi na Afrika Kusini. Zuio la Tanzania halikudumu, na magazeti yaliandika mawaziri walisema nini. Lakini mchuuzi wa ndizi pale mpakani Kasumulu, mwenye mkwe upande wa Malawi na deni upande wa Tanzania, mzigo unaiva mbele ya macho yake, alisema nini usiku ule kwa mumewe? Gazeti haliwezi kujua. Afisa wa mikopo hana safu ya kuandika jambo hilo kwenye fomu yake. Anayeweza ni mtunzi wa riwaya, na mtunzi huyo ametoroka kazi, yuko kwenye gari jeusi la Kinondoni.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kila mmoja wetu, kabla ya toleo lijalo, akakae siku 3 kwenye duka la mtaani kwao. Asihoji mtu kama karani wa sensa. Apime sukari, afunge vitunguu, asikilize mtu anavyoomba kukopa na anavyokataliwa bila kutukanwa, maana hiyo nayo ni sanaa na hatujaisoma darasani. Halafu aandike hadithi moja ambayo bei ya sabuni ni ya kweli na deni lina mwenyewe. Kama baada ya hapo bado ataona mikoani hakuna cha kuandika, basi na aende Dar, nauli tutamchangia.

Anayebisha aandike, kurasa zipo. Naomba kutoa hoja.