Bidii Haipatikani kwa Amri

Kila mwaka ifikapo Mei Mosi, wafanyakazi wa nchi yetu huandamana wakiwa na mabango yao, na walio bora miongoni mwao huitwa mbele ya umma kupewa zawadi. Ni desturi njema, kwani wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini siku ya pili yake kila mmoja hurudi kazini, na hapo ndipo lilipo swali la msingi: ni kitu gani kimfanyacho mtu atende zaidi ya kile alichoajiriwa kukitenda?

Wako wakuu wa kazi wanaodhani kwamba jibu ni ukali. Hao wanajidanganya. Ukali waweza kumfanya mtu awahi kutia sahihi katika daftari la mahudhurio; hauwezi kumfanya aipende kazi. Muuguzi anayebaki na mgonjwa baada ya zamu yake kwisha, mwalimu anayewasaidia jioni watoto walioachwa nyuma na wenzao, fundi anayesikia mlio wa ajabu katika mtambo akauzima kabla haujavunjika: bidii ya namna hiyo haimo katika barua ya ajira. Hutolewa kwa hiari, au haitolewi kabisa.

Taifa letu lilikwisha kulitambua jambo hili zamani. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi awe na sauti katika shughuli anazozitolea jasho. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukasisitiza ushiriki wa watu katika kuamua mambo yao, tena ukakemea majivuno na uonevu wa viongozi. Katika miaka michache iliyofuata kulizuka migomo viwandani, na mara nyingi kilio hakikuwa mshahara, bali dharau ya mameneja. Ni kweli kwamba wapo waliolaumiwa kwa utovu wa nidhamu. Hata hivyo fundisho lilibaki: mtu aliyedharauliwa hujitolea kwa shingo upande.

Haina maana kwamba fedha si kitu. Mkono mtupu haulambwi. Kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai 2025, kulikuwa hatua ya haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kuagiza kwamba saa za ziada zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo, mwajiri anayezificha saa hizo chini ya jina la uzalendo hahamasishi mtu, anamdhulumu. Na mfanyakazi ambaye madai yake ya jana hayajalipwa, kumwomba ajitolee leo ni kumwomba akopeshe mara ya pili.

Basi tufanye nini? Kwanza, mabaraza ya wafanyakazi yasiwe mahali pa kupiga makofi tu. Yasomewe hesabu, yaulizwe rai, na rai hizo zijibiwe. Pili, mfanyakazi bora achaguliwe kwa kazi yake iliyoonekana. Pale anapochaguliwa kwa zamu, au kwa kuwa karibu na mkubwa, zawadi hugeuka kuwa dhihaka, na wachapakazi huvunjika moyo. Tatu, zawadi iliyoahidiwa jukwaani itolewe kwa wakati. Nne, kiongozi aonyeshe njia. Hawezi kudai bidii kwa wengine naye kiti chake ki wazi tangu saa nne asubuhi.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Haki na wajibu ni mapacha. Mwananchi anayezungushwa dirishani kwa maneno ya njoo kesho si yeye aliyechelewesha mshahara wa mtu, naye hastahili kuadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Bidii ni amana ambayo mfanyakazi huiweka mahali anapoamini itatunzwa. Wenye dhamana ya kuongoza waanze kwa kuutunza uaminifu huo, kisha ndipo wadai zaidi.